Kochi Lililooshwa Mara Saba

Harufu ya mbwa aliyelowa ilifika nyumbani kwetu Mjimwema, Songea, ikiwa juu ya mkokoteni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, sabuni imerudi madukani na kila mtu ana kitu cha kuuza. Baba, karani wa serikali, alikuwa amenunua kochi la Mzungu mmoja, mtaalamu wa barabara aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Lilikuwa pana, kitambaa chake rangi ya maziwa, na mbwa wa mwenyewe alikuwa amelilalia miaka yote. Baba alilijua hilo akanyamaza. Jumamosi washenga walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Zaituni, na baba aliapa kwamba hawatakaa mkekani nyumbani kwa karani.

Jumanne akaja Bibi, mama yake baba, kutoka Tunduru. Yeye ndiye aliyepaswa kuwapokea washenga na kutoa jibu. Bila yeye sebuleni, hakuna posa. Aliitikia shikamoo zetu, akaingia, akanusa. Kisha akaokota unywele mmoja mweupe na kumwonyesha baba.

"Ulifuga mbuzi humu?"

"Mbwa, mama," baba alijibu akiangalia viatu vyake. "Wa yule Mzungu."

"Basi mimi sikai. Lioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama dini ilivyotufunza. Likinuka Jumamosi, wageni wenu mtawapokea wenyewe."

Zaituni alianza kulia palepale. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo mama alifunga kanga kiunoni na kututuma udongo. Hapo ndipo tulipoharibu. Mchanga mweupe wa mtoni ungetosha kabisa, lakini mimi na Zaituni, kwa haraka zetu, tulichota ule mwekundu wa shambani kwetu Mshangano. Mama aliukoroga kama wa kukandika nyumba, tukalipaka kochi zima. Tulipolisuuza kwa maji sita yaliyobaki, na sabuni ya mche isiyohesabiwa, kochi la rangi ya maziwa lilikuwa limegeuka tofali. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka.

Kazi kubwa ilikuwa sponji ya mito yake. Tuliichomoa, tukaitia kwenye karai na kuikanyaga kwa miguu mitupu, mimi na dada tumeshikana mabega, na maji yakatoka meusi, kisha ya chai, kisha meupe. Lakini Julai ya Songea ina baridi na ukungu, jua lenyewe linachelewa kama mwanafunzi mtoro, na sponji isiyokauka huvunda. Uvundo ungemshinda hata mbwa. Tuliikamua kwa kuikalia juu ya mbao, tukaigeuza kila saa, na usiku mama aliizungushia vipande vya mkaa vinyonye harufu. Zaituni, ambaye hakuwahi kufagia bila kutumwa, alikuwa akiweka shavu lake juu ya kila mto kupima unyevu. Nilimcheka, lakini Ijumaa jioni na mimi niliweka langu.

Jumamosi asubuhi Bibi alipiga magoti, akapeleka pua kwenye mto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zaituni aliniminya mkono hadi ukaniuma. Bibi akasema bismillahi, akakaa, akajaribu kudunda kidogo. "Laini," alisema. Washenga walipoingia na kuona kochi jekundu walidhani ni la gharama isiyosemeka, wakaogopa kulikalia, na wote wanne wakaketi mkekani. Bibi akaikubali posa akiwa juu peke yake, miguu haigusi sakafu. Sijamwona tena mtu aliyefurahi na kushindwa kwa wakati mmoja kama baba siku ile.

Siku hizi kazi ile hufanywa na kijana mwenye mashine, saa moja tu imekwisha. Kochi langu mimi ni jipya, na mpaka mwaka jana nilikuwa sijalivua nailoni ya dukani. Zaituni alinitembelea akitokea shambani kwake. Nilipotoka jikoni nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, ameupakata mfuko wake. "Nisikuchafulie, mdogo wangu," alisema. Niliona aibu kubwa. Sisi tulihangaika siku nne ili mtu mmoja akae, na mimi nilikuwa nazuia watu ili kochi libaki safi. Niliichana nailoni ile mbele yake, kwa mikono miwili, nikamvuta dada yangu na vumbi lake na kumkalisha katikati.