Sanduku la Kulazwa

Watu wenye pesa wana ugonjwa mmoja: wakikuta kitu kwa maskini hakitumiki, wanadhani mwenyewe hajui kukitumia. Wifi yangu, mke wa kaka, ugonjwa huo umemwingia mpaka kwenye mifupa.

Wanakaa Mwanza. Desemba ile walikuja nyumbani Kamuli na gari, wakalirudisha nyuma mpaka likaangusha mgomba wenye mkungu mchanga, wala hawakuona. Kesho yake wifi akaingia chumbani kwa mama, eti kufanya usafi. Nani alimtuma, sijui. Akavuta sanduku uvunguni, akalifungua.

Huku kwetu kila mwanamke mwenye akili ana sanduku la kulazwa. Ndani unaweka mashuka, blanketi, kitenge ambacho hakijavaliwa, sahani, kikombe na chupa ya chai. Huligusi mpaka uugue. Ukifika wodini huna shuka, unalala kwenye raba tupu ya godoro, na waliokuja kuwaona wagonjwa wengine wanakutazama wewe. Wakirudi kijijini hawasemi kama umepata nafuu. Wanasema, "Yule kalazwa kama mbuzi." Aibu hiyo wajukuu wako wataikuta.

Wifi alicheka. "Mama, mbona unajinyima hivi? Vitu vizuri vinaozea sandukuni. Maisha yenyewe mafupi, vitumie." Akatandika mashuka meupe kitandani kwa mama, akayapiga picha. Mama akasema, "Asante, mwanangu." Hajawahi kumkatalia yule mwanamke kitu. Mimi ningemjibu, angekwenda kumwambia kaka kwamba nina wivu. Wivu wa nini, jamani?

Walipoondoka, mashuka yalikuwa yameshika rangi ya udongo wetu. Mama akayafua na kuyaanika, mvua ikanyesha. Akayaanua, akayaanika tena, ikanyesha tena. Katikati ya mahangaiko hayo tumbo likamshika. Alijikunja, akatapika, hata maji hayakukaa. Nikamwambia naita bodaboda, twende hospitali.

"Yakauke kwanza," akasema.

Cheka ukitaka. Nilimsihi asubuhi nzima, nikamwambia atakufa, naye akawa anageuza uso ukutani. Nilimkasirikia, lakini nilimwelewa, hata mimi nisingekwenda bila mashuka. Mwishowe nikakimbia kwa jirani kuomba mkaa, niyakaushe kwa pasi. Jirani huyo wazazi wake walitoka Burundi wakaja kulima vibarua huku, naye bado analima vibarua. Nilipomweleza, aliingia ndani akatoka na mashuka yake mwenyewe, yamekunjwa vizuri, yananukia naftalini.

"Chukua," akasema. "Mimi leo siumwi."

Mama alipoyaona, akakubali kupanda pikipiki. Walimpasua jioni ile ile. Utumbo ulikuwa umejisokota, na daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungerudi na maiti. Akanigombeza: watu wa vijijini mnasubiri nini? Ningemwambia nasubiri mashuka yakauke, angeniona kichaa. Nikasema tutajirekebisha.

Wifi alifika pamoja na kaka, mama akiwa bado hawezi kujigeuza. Hakuuliza mshono unamuumaje. Alikuja na mashuka ya maua, bado yako kwenye nailoni, akatuambia yalikotoka na kwamba huku hayapatikani. Kisha akaanza kuyachomoa yale ya jirani chini ya mgonjwa, akayatupa sakafuni.

"Matambara haya mmeyaokota wapi?"

Wodi nzima ilisikia. Watu waliacha kula, wakatutazama. Mimi nilitamani kumshika shingo, lakini mama alinitangulia. Sauti ilikuwa haina nguvu, ila kila neno lilisikika.

"Okota mashuka ya mwenzangu, uyakung'ute. Hayo yako kalalie mwenyewe."

Wifi alimtazama kaka, na kaka akatazama dirishani. Basi akainama, akaokota.