Siku Waigizaji wa Chombo Waliporudi Redioni

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, na dada, ambaye alikuwa ameolewa Kitaya, akaja kunichukua kwa miguu. Pale nilipochoka alinibeba mgongoni. Mumewe alitoka katika familia iliyovuka Ruvuma kukimbia vita vya upande wa pili. Alilima muhogo na mpunga, na kiangazi aliuza samaki wakavu mpaka Mtwara. Samaki hao ndio walioleta redio nyumbani kwetu. Kijijini ilikuwepo nyingine ofisini kwa katibu, lakini ile ilikuwa ya taarifa ya habari na hotuba. Ya shemeji ilikuwa ya watu wote.

Jumapili alasiri kulikuwa na mchezo wa kuigiza. Ulikuwa na jina lake refu, ila sisi tuliuita mchezo wa chombo. Watu sita walikuwa wamepanda chombo na kuiacha dunia, wanakwenda kuitafuta nyota yenye maji. Alikuwepo Nahodha, mwenye sauti nzito. Alikuwepo Daktari, ambaye aliogopa kila kitu. Na alikuwepo Fundi, mwanamke, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo isizime. Dada alimpenda Fundi tangu siku ya kwanza.

"Umesikia?" aliniambia. "Wanaume watano wamekaa, na anayekijua chombo ni mama huyo."

Jirani yetu, bibi mmoja aliyevuka mto pamoja na wazazi wa shemeji, alikuja kusikiliza kila Jumapili lakini hakuweza kuuvumilia mwanzo wake. Chombo kilipoondoka kilinguruma, na mngurumo ule kwake ulikuwa wa ndege za Wareno. Aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka uishe, kisha akarudi kwenye mkeka na kuuliza wamefika wapi. Hakuna aliyemcheka. Kitaya ya wakati ule watu wengi walikuwa bado wanatazama juu wakisikia mlio wowote.

Mchezo ulikwenda kama misimu miwili ya korosho. Halafu Jumapili moja Fundi alitoka nje ya chombo kutengeneza kitu kilichovunjika, amefungwa kamba kiunoni, na kamba ikakatika. Tukamsikia anaita. Nahodha naye akamwita. Muziki ukapigwa, tukaambiwa tusubiri wiki ijayo. Wiki iliyofuata saa ileile waliweka muziki wa dansi, na iliyofuata hivyo hivyo. Hakuna aliyetueleza kitu. Shemeji alikwenda mpaka kwa katibu kuuliza, na katibu akamwambia kwamba redio ni ya taifa zima, si ya Kitaya.

Dada hakukubali. Jumatatu moja tulikuwa shamba la kijiji, wanawake tumejipanga mstari tunapalilia mikorosho, na mwenzetu mmoja akasema kwa masikitiko, "Basi yule mama kafa vile." Dada akasimamisha jembe.

"Hajafa. Nani kakwambia kafa? Kamba imekatika, yeye mwenyewe hajakatika."

Akaanza kusimulia pale pale. Alisema Fundi alikuwa anaelea, anakiona chombo kikiwa kidogo kama punje ya mtama, na Nahodha ndani anagombana na wenzake wanaotaka kuendelea na safari. Aliigiza sauti zote. Ya Nahodha ilitufanya tucheke, lakini ya Fundi aliisema taratibu, chini chini, na hakuna aliyecheka. Siku ya pili wanawake walimtaka aendelee. Akaendelea hivyo mwaka mzima na zaidi: shambani, kisimani, na nyumbani jioni wakati tunamenya muhogo. Shemeji alikuwa anajifanya anatengeneza wavu, na dada akinyamaza tu, yeye ndiye anauliza, "Sasa, yule mama?" Bwana shamba mwenyewe alikiri kwamba mstari wa dada ulikuwa unamaliza kupalilia kabla ya mistari mingine, kwa kuwa kila mtu alitaka kubaki karibu naye amsikie.

Dada alifariki wakati wa mvua. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili, mtoto hakuishi, na siku ya tatu homa ikampanda. Ruvuma ilikuwa imefurika na barabara imekatika. Gari lisingeweza kufika. Shemeji na wanaume wanne walimbeba kwa machela wakitafuta njia ya juu, kwenye mashamba ya watu. Walirudi naye kabla ya adhuhuri. Nilikuwa mlangoni na binti yake wa miaka miwili kiunoni, nikajua kwa namna walivyokuwa wanatembea, bila haraka tena.

Nilibaki Kitaya mpaka yule mtoto alipokuwa na nguvu za kukaa na bibi yake mzaa baba. Kisha nikaenda Mtwara kusoma upigaji chapa. Nikapata kazi katika ofisi moja na chumba cha kupanga hapo hapo mjini, Mtawanya, na miaka ikapita.

Tangazo nililisikia ofisini. Waigizaji wa mchezo wa chombo watakutana tena studio, Jumapili alasiri, kwa saa moja. Watakumbushana ya zamani, na mwishoni wataigiza sehemu ya mwisho ambayo haikupata kusikika. Walilirudia tangazo hilo wiki nzima, na ofisini kwetu kazi ilikuwa kubishana. Mama mmoja wa makamo, mtunza majalada, alisema hatasikiliza.

"Wale nawakumbuka wakiwa vijana. Waacheni wabaki huko."

"Kwa hiyo umewafunga jela," mlinzi akamjibu. "Mimi nataka kujua kama Fundi alipona. Nimekaa na neno hilo kifuani miaka yote."

Niliomba ruhusa ya Jumamosi na Jumatatu ili niende Kitaya. Sikuona ni halali kumsikiliza Fundi nikiwa Mtawanya peke yangu. Tatizo lilikuwa betri. Ilikuwa ile miaka ambayo hata sabuni uliisikia tu kwamba imefika mahali fulani, ukienda imekwisha. Mlinzi akatoa mbili za tochi yake, kwa sharti kwamba nikirudi tusimuliane. Mbili nyingine, jambo lililonishangaza zaidi, aliniletea yule mtunza majalada, amezifunga kwenye kipande cha kanga.

Shemeji alinipokea kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa kanzu ya Ijumaa. Redio aliifuta vumbi, na betri zangu aliziweka juani asubuhi nzima ziongeze nguvu. Saa ilipokaribia baraza lilijaa: wanawake wa mstari wetu wa shambani, vijana waliokuwa watoto wakati ule, na yule bibi jirani, mzee sana sasa, amekaa karibu kabisa na redio. Binti wa dada alikuwa na miaka tisa. Aliniegemea, akaniuliza, "Mama mdogo, ni kweli mama alikuwa anaujua mchezo huu?"

"Kuliko wao wenyewe," nikamwambia.

Walianza kwa kicheko. Sauti ya Nahodha ilikuwa ileile, na watu barazani wakapiga makofi kama vile amepita mbele yao. Mtangazaji akawauliza walikuwa wanafanyaje mngurumo wa chombo. Mmoja wao akasema ilikuwa cherehani imewekwa juu ya debe tupu, mtu anakanyaga kwa kasi huku kipaza sauti kikiwa ndani ya debe. Studio wakacheka sana, na vijana wetu wakacheka. Bibi akaniinamia.

"Amesema cherehani?"

"Ndiyo, bibi."

Akatafakari kidogo. "Basi mimi nilikuwa naikimbia cherehani." Watu wakamcheka kwa upendo, naye akacheka, lakini baadaye nilimwona anajifuta macho kwa pindo la kanga.

Kisha wakamkaribisha Fundi. Alisema amefurahi kukutana na wenzake, akamsalimu mama yake aliyekuwa akisikiliza huko bara. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya haraka, ya mtu mwenye shughuli nyingi. Nilimtazama shemeji, naye alikuwa anaitazama redio kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Mtangazaji akauliza kwa nini mchezo ulikatika ghafla vile.

"Nilipata uhamisho," Fundi akasema. "Niliambiwa Jumatano, Jumatatu nikatakiwa kuripoti. Ndiyo maana mtunzi akaikata kamba." Wakacheka tena. Mwingine akaongeza kwamba baadaye walijaribu kuandika bila yeye, wakashindwa, wakaacha.

Nilihisi aibu, sijui kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimefurahi na nimeumia kwa pamoja, na sikuweza kutenga kimoja na kingine. Walikuwa watu wa kazi tu, wenye mama zao na uhamisho wao. Hilo nililijua tangu zamani, ila sikuwa nimelazimishwa kulisikia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Wangetuachia yule wetu." Mwenzake akamwambia anyamaze, ndiyo inaanza.

Kweli ilianza. Mngurumo ukapigwa, na safari hii bibi hakuinuka. Nahodha akaita, "Fundi, unanisikia?" Kukawa kimya. Akaita mara ya pili. Fundi akajibu, kwa ile sauti nyembamba, na shemeji akanyoosha mkono akaizima redio.

Vijana wakapiga kelele. Mmoja alitaka kuiwasha, shemeji akaichukua na kuiweka mapajani.

"Inatosha," akasema.

"Shemeji, washa," nilimwambia. "Watu wamekuja kusikia. Mimi nimetoka Mtwara."

"Nimesema inatosha."

"Betri ni zangu."

Alifungua mfuniko wa nyuma, akazitoa zote nne, akaniwekea mkononi. Zilikuwa bado na joto. Vijana wakatoka mbio kwenda ofisini kwa katibu, lakini kule walikuta mlango umefungwa. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, wengine wakinung'unika, wengine wakimpa shemeji pole bila kusema pole ya nini. Nilimkasirikia kiasi kwamba jioni ile nilikula kwa bibi jirani.

Asubuhi alinibebea kikapu mpaka mahali lori linaposimama. Tulikuwa nusu ya njia aliposema, "Wewe ulikuja kumsikia Fundi. Mimi nilidhani nitamsikia dada yako."

Nikapunguza mwendo.

"Redio ilituletea mchezo miaka miwili," akaendelea. "Yeye aliusema baada ya hapo, kila siku, ndani ya nyumba yangu. Mimi Fundi nilikuwa namjua kwa sauti ya mke wangu tu. Jana, yule mama alipoanza kuzungumza, ya mke wangu ikaanza kunipotea. Nikaona nikimwacha mpaka mwisho sitabaki na kitu."

"Imerudi?" nikamuuliza.

"Usiku nimeitafuta. Bado."

Njia nzima ndani ya lori nami niliitafuta. Maneno ya dada niliyapata yote, tena kwa mpangilio: punje ya mtama, ugomvi wa Nahodha, kamba iliyokatika. Kila nilipojaribu kumsikia akiyasema, alikuja yule mama mwenye haraka.

Ofisini mlinzi alikuwa ananisubiri, uso wote unacheka. Sikuwahi kumwambia kwamba hatukufika mwisho, nikamwacha asimulie. Alisema chombo kiligeuka. Wenzake walikataa, Nahodha akakigeuza peke yake, wakamtafuta Fundi na wakampata yuko hai. Mlinzi alikuwa amelia, na hakuona haya kusema. Mtunza majalada, ambaye naye alisikiliza mwishowe, alisema yeye mwisho ule umemuudhi. Mtu hawezi kuokolewa kirahisi hivyo baada ya watu kumlilia miaka. Walibishana mpaka saa ya chai. Mimi nilikwenda kusimama uani nyuma ya ofisi. Dada ndivyo alivyokuwa amesema tangu mwanzo, kwamba watageuka. Ila alikufa hajafika mahali pa kumpata Fundi.

Nilikaa miezi minne nikijiuliza kama nimwambie shemeji. Msimu wa korosho nilipokwenda, nilimkuta anaanika, nikaketi naye kwenye jamvi na kumsaidia kuchambua. Mwishoni nikasema, "Shemeji, walimpata."

"Najua. Waliniambia wanunuzi wa samaki, wiki ileile."

"Na hukuniambia."

Aliendelea kuchambua. "Ningekwambia nini? Wao walimpata wa kwao."

Hatukuuzungumzia mchezo ule tena. Redio aliiuza mwaka uliofuata, na baada ya muda akaoa mwanamke mpole kutoka Kilambo, ambaye nilimheshimu. Binti wa dada alipofaulu darasa la saba alikuja kukaa nami Mtawanya ili asome sekondari. Alikuwa na mwendo wa mama yake na meno ya mama yake. Jioni moja tulikuwa tunapika, akaniuliza kama mama alikuwa na sauti nene au nyembamba.

Nilimwambia haikuwa nene, wala haikuwa nyembamba. Nikasema alikuwa akisema taratibu. Nikajaribu kumwonyesha, nikasema sentensi moja kama dada angeisema, nikasikia kwamba ni mimi tu ninayesema. Nikaijaribu tena. Mtoto alinivumilia, ameshika mwiko, ananitazama mdomoni.

"Hivyo?" akauliza.

"Sivyo," nikamwambia. "Koroga, ugali utashika chini."