Kanzu ya Pasaka

Katika kanisa letu la Likasi, kazi ya mama wa ubatizo haikuishia siku ya maji. Kila Pasaka alimshonea mtoto wake kanzu nyeupe, akamvalisha mwenyewe mlangoni pa kanisa. Mama yangu alikuwa mama wa ubatizo wa binti wa jirani zetu, watu wa Kasai, na alimpenda hadi mimi nikaona wivu.

"Mu Biblia muntu hajivalishe," aliwaambia wamama wenzake. "Musa alivalisha Haruni. Baba alivalisha ule mutoto mwenye alipotea. Kumuvalisha muntu ni kumuambia: uko wetu."

Kisha Katanga, jimbo letu, ikajitenga na nchi, na watu wa Kasai wakaambiwa hapa si kwao. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa hapa! Jirani zetu walipanda treni ya Kasai na masufuria yao, binti akiwa mgongoni kwa mama yake.

Pasaka ilipokaribia, Mama akatoa cherehani.

"Unashonea nani?" nikamuuliza.

"Mutoto wangu."

"Si alienda?"

"Mutoto wa Hana naye, Samweli, alikuwa mbali, ku hekalu. Kila mwaka Hana alimushonea kakanzu. Alimupimia wapi? Ku roho."

Hana alipimia roho. Mama yeye alikamata watoto wa rika la yule binti mtaani, akawapima kwa kamba, nao maskini wakidhani watapewa nguo. Mwaka uliofuata akawapima tena, akashona nyingine kubwa zaidi. Zote mbili alizitunza sandukuni, akisubiri.

Kujitenga kulipokwisha, jirani wakarudi. Mama hakungoja hata wakae. Alitoa ile kanzu kubwa, akamvika binti. Ikammeza: mikono haikuonekana, pindo likalala sakafuni.

Mama wa binti akainamisha kichwa. "Kule njaa ilikuwa mingi, ndugu yangu."

Mama alifungua sanduku tena, akatoa ile ya kwanza, aliyoishona mwaka walioondoka. Ikamkaa sawasawa. Alifunga vifungo polepole huku analia mbele yetu sote, na binti, ambaye hakumkumbuka hata kidogo, akasimama wima avalishwe.

Ile kubwa Mama aliikunja vizuri.

"Hii itangoya," alisema, akiwakaribisha mezani. "Kuya kwanza tukule."