Tetemeko Lililovaa Soksi za Kijani

Profesa Mwanaisha ndiye angeamua kama nitaajiriwa, kwa hiyo siku hiyo, nilipokuja kuonyesha kazi yangu mbele ya watu katika ukumbi wa hoteli moja ya ufukwe wa Bofa, nilikuwa na wasiwasi. Niliketi, nikaweka sakafuni, chini ya meza, kifaa cha kupima mitetemo ya ardhi, mchoro wake ukaonekana ukutani. Ghafla mstari mwekundu ukaanza kurukaruka.

"Tetemeko! Tokeni nje!" mtu mmoja akapiga kelele.

Ukumbi mzima ukakimbilia ufukweni, mpishi na mwiko wake mkononi. Profesa hakuondoka. Aliinama, akachungulia chini ya meza yangu.

"Mwanangu, hebu tuliza huo mguu."

Kumbe kisigino changu kilikuwa kikigonga sakafu kando ya kifaa. Nikautuliza mguu. Mstari ukalala.

Mpishi akachungulia mlangoni. "Shikamoo, Profesa. Limekwisha?"

"Marahaba. Limekwisha. Ni hili hapa, limevaa soksi za kijani."