Elektroni ya Citoyen Mjumbe

Juzi, katika sekondari yetu hapa Kindu, nilifundisha nguvu ya kung'oa elektroni. Nilipanga wanafunzi mstari mmoja, kama elementi kwenye jedwali. Beji ya chama kifuani ndiyo elektroni. Ya sodiamu, kushoto kabisa, nilikuwa nimeilegeza, ikatoka kwa kidole kimoja. Kuelekea kulia nilikuwa nimezidi kuzikaza, zikanitoa jasho.

Mjumbe wa chama, aliyeitwa Citoyen, yaani raia, kama sisi sote, akaingia kukagua. Nikaona nimfurahishe, nikamsimamisha mwisho wa kulia.

“Citoyen mjumbe njo argoni, elementi ya mwisho wa mstari. Huyu, hata umuvute namna gani, haachi.”

Nikavuta. Beji ikabaki mkononi mwangu, pamoja na kipande cha mfuko wa koti lake.

Fatuma, wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

“Citoyen mwalimu, tumuhamishe kushoto?”