Angalau Wao Husomewa Sheria

Jumatano, kwenye dirisha la tiketi za basi la Jeddah, hapa Batha, Riyadh, mbele yangu walisimama dada wawili Wakenya wakitazama simu moja. Ilikuwa ile tamthilia ya Kijapani ambamo watu hucheza michezo ya kufa na kupona ili waongezewe siku za viza. Anayeishiwa siku huuawa.

"Huyu amebakisha siku moja," alisema yule mrefu. "Asipocheza leo, halas."

"Si acheze basi," mwenzake akacheka, huku akimpa karani ikama yake, kadi ya ukaazi. Alikuwa anakwenda Al-Mahjar, huko Jeddah, kumuuguza dadake.

Karani aliingiza namba, kisha akairudisha kadi kwa kidole kimoja, kama anayesukuma sahani chafu. "Safari mafi, hakuna. Ikama imeisha miezi mitatu."

"Lakini madam aliniambia bosi ameshai-renew."

"Mwambie bosi."

"Nimempigia tangu asubuhi. Hashiki."

Kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, ndiye pekee awezaye kuihuisha ikama. Akipuuza, anayekamatwa barabarani ni dada huyu, si yeye. Nilikasirika, lakini jambo la kwanza nililofanya, naona aibu kusema, ni kuipapasa ikama yangu mkobani.

Yule mrefu alizima simu. "Hawa wa kwa TV wana bahati, mamii. Wanasomewa sheria kabla mchezo uanze."

Ijumaa niliitazama tamthilia hiyo. Ni kweli. Sauti husoma sheria zote, polepole, hata kwa atakayekufa. Watu husema tamthilia hiyo ni katili. Mimi niliona ina adabu.