Turubai Lenye Mgongo

Boti ilitufikia bila sisi kuiomba. Rafiki wa mume wangu, waliyefanya kazi pamoja bandarini, alipostaafu na kurudi kwao bara alituachia boti yake ndogo ya faiba pamoja na tela la kuivutia. Vyote viwili vilikuwa vimekaa juani miaka kadhaa. Tela lenyewe lilifika kwetu Tudor likiwa limepakiwa juu ya lori, kwa sababu magurudumu yake hayakuzunguka. Wanaume sita walilishusha nyuma ya nyumba, pale tunapoanika nguo, wakafuta jasho, wakaenda zao.

Mume wangu naye alikuwa na miezi minne tu tangu astaafu. Kwa miaka mingi aliendesha kreni za kushusha makontena, peke yake kule juu, na kazi ile ilimzoesha kunyamaza. Sasa alikuwa akinyamazia sebuleni. Anaamka, anaoga, anavaa shati la kazini, kisha anakaa. Mimi hushona sare za shule papo hapo sebuleni, na kuna siku kilichosikika nyumbani mpaka adhuhuri kilikuwa cherehani tu.

Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama ambaye wapangaji wote wamemfanya msemaji wao, alipiga hodi.

"Nimetumwa," alisema, hata kabla ya kuketi. "Ile boti imejaa maji, na viluwiluwi vya mbu nimeviona kwa macho yangu. Ama muifunike, ama muiondoe."

"Kuiondoa hatuwezi, mama," mume wangu akamjibu. "Tela halitembei."

"Basi ifunikeni."

Alipotoka, mume wangu alinigeukia. "Wewe si unashona?"

Nimeshona kaptura, sketi na suti za wanakwaya. Boti sijawahi kuivisha. Lakini yale yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu siku ile, nami sikutaka kumkatisha tamaa. Nikamwambia twende tuipime.

Kitambaa tulikipata kwa fundi wa mabango, ambaye huuza mabango ya matangazo yaliyokwisha kazi. Ni plastiki nzito, haipitishi maji hata kidogo. Letu lilikuwa la dawa ya meno, na lilikuwa na mdomo wa mtu anayecheka, kila jino kubwa kama mlango wa kabati. Tulikubaliana meno yakae upande wa ndani, majirani wasije wakadhani tunawacheka. Nilitia cherehani sindano nene, nikaupaka mshono sabuni ya mche ili plastiki iteleze, na mume wangu akasimama nyuma yangu amebeba bango zima begani, akilisukuma taratibu kadiri ninavyoshona. Tuligombana mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akisukuma haraka, mara ya pili mimi ndiye niliyesoma utepe vibaya. Siku ya tatu tuliifunika boti yote kwa turubai letu lile, tukalikaza kwa mpira wa kuzunguka ukingo, likakaa sawasawa kama ngozi ya ngoma. Nilijisifu sana.

Mvua ya siku mbili ikatosha kunivua sifa zile. Maji yalijaa katikati, turubai likabonyea likawa beseni, na mshono wangu wa kati ukaachia kwa mlio tuliousikia tukiwa ndani. Boti ikajaa tena.

Kesho yake nililikunja lile turubai nikapanda tuktuk mpaka Kibokoni, kwa mwanamke ninayenunua kwake uzi wa nailoni. Baba yake alikuwa akishona viti vya magari. Sasa kazi anaifanya yeye, amejaza barazani viti vya tuktuk na magodoro ya sponji. Nilimkuta na sindano midomoni.

"Sabalkheri," nilimwamkia.

"Sabalkheri. Karibu, kaa kitako." Aliondoa sindano, akalitandaza turubai sakafuni, akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha akacheka, si kwa ubaya. "Wewe wajua kushona. Lakini boti waifunika kama wafunika sufuria."

"Nilitaka maji yasiingie."

"Maji hayakatazwi, shoga yangu. Yaonyeshwa ndia. Hili lataka mgongo, kama paa la nyumba. Na mishono uilaze kama makuti: la juu lilalie la chini. Hapa wewe umelaza kinyume, maji yaingia mdomoni mwa mshono."

Alinichorea kwa chaki pale pale sakafuni, akaniazima na koleo ya kubania vile viduara vya shaba vya kupitishia kamba. Nilirudi nyumbani nikakata kila kitu upya. Mume wangu alikata bomba la plastiki la maji, akalilaza juu ya vigingi viwili kutoka mbele ya boti hadi nyuma, nasi tukaliweka turubai juu yake. Mvua iliyofuata tulitoka nje na miavuli tukaitazama. Maji yaligonga, yakagawanyika, yakateremka pande zote mbili mpaka chini. Mama wa ghorofa ya juu alitazama pia, kupitia dirishani, akainua kidole gumba.

Nilidhani kazi imekwisha. Lakini mume wangu alikuwa ameshikwa na kazi ile. Aliamka siku moja akavaa fulana kuukuu badala ya shati la kazini, akaenda nyuma ya nyumba na jeki.

Gurudumu la kwanza lilikataa kutoka. Alilimwagia dizeli, akaligonga, akalisubiri, akaligonga tena siku ya pili. Lilipotoka, beringi zilianguka mchangani zikiwa unga wa kutu. Chuma kimoja cha kati cha tela kilikuwa kimelika hadi ukikibonyeza kwa bisibisi kinatoboka, ikabidi tumwite fundi wa kuchomelea aje akibadilishe. Vingine tulivikwangua wenyewe kwa brashi ya waya, tukavipaka rangi ya kuzuia kutu. Mikono yangu ilikuwa myekundu hata nikaogopa kugusa sare nyeupe.

Kazi iliyobaki ilikuwa kushindilia grisi kwenye beringi mpya. Unaweka bonge la grisi kiganjani, unaisukumiza beringi humo mpaka grisi itokee upande wa pili. Tulikaa chini, miguu tumeinyoosha, kila mmoja na yake. Mume wangu hakuinua macho.

"Unajua mwaka wa kwanza kwenye kreni nilikuwa nalia?"

Nilidhani sikusikia. "Unalia?"

"Kule juu. Upepo ukivuma, kile kijumba cha kreni kinatikisika. Nilikuwa nashika vishikio vya kuendeshea na machozi yananitoka. Nikishuka ngazi, nakuwa nimeshayafuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na mimba ya kwanza. Na ningekwambia, kesho yake nisingepanda tena."

Niliona haya, maana miaka ile nilimnung'unikia kwamba hanisimulii kazi yake. Nilimshika mkono, grisi kwa grisi, tukakaa hivyo mpaka akacheka akasema beringi zitaingia mchanga.

Jumamosi iliyofuata, maji yalipojaa, jirani mwenye pikapu alituvutia tela mpaka kwenye mteremko wa kuingilia hori la Tudor. Mume wangu alimzuia asilitumbukize mara moja. Alishuka, akaweka kiganja juu ya kila gurudumu. "Likiwa moto litavuta maji ya chumvi ndani," alisema. Tukangoja yapoe, kisha pikapu ikarudi nyuma polepole, na boti ikaelea yenyewe.

Mimi sijui kuogelea. Nilivaa jaketi la kuokolea, nikalikaza mpaka pumzi ikawa ya shida, nikaingia nimeshika bega lake. Aliwasha injini ndogo tuliyoazima, akaenda polepole akifuata ukingo wa mikoko. Alipozima injini palikuwa na utulivu, ila kaa wakichakarika kwenye matope. Tulifungua mihogo ya kukaanga, tukaikamulia ndimu. Yeye alitaka twende mbele mpaka tuone daraja. Mimi nilitazama mizizi ya mikoko, nikaona alama ya maji imeshuka kiasi cha shibiri nzima.

"Yakitoka yote tela litazama matopeni," nilimwambia.

Alitazama, akakubali, akavuta kamba ya injini. Tuliwahi, jirani akalirudisha tela majini, na boti ikapanda juu yake mara ya tatu ya kujaribu, sote wawili tukiwa tumelowa hadi viunoni.